Filamu Iliyokunjwa Ulimi

Yule mwanamke mwingine nilimwona kabla filamu haijakauka. Alikuwa kwenye picha ya kumi na tisa, begani kwangu, na siku niliyoipiga picha hiyo nilikuwa peke yangu chumbani.

Nianze na kamera yenyewe, nisije nikaonekana mwendawazimu. Kazi yangu ni kupiga picha kwenye harusi hapa Garissa, upande wa wanawake. Kama hujawahi kuingia upande huo, jua kwamba ni dunia nyingine. Shela zinavuliwa, nywele zinaachiwa, na mabibi ambao mtaani hawainui sauti wanacheza mpaka jasho linawatiririka. Mlangoni hukaa mama mmoja mkali na beseni la kukusanyia simu. Mwaka juzi picha za bi harusi mmoja zilitoroka kwenye kamera ya dijitali ya mpiga picha fulani zikazunguka mji mzima, na tangu hapo sisi wenye kamera tukawa tunaachwa mlangoni pamoja na simu.

Ndipo nilipofikiria filamu. Filamu haina mtandao. Nikishaisafisha na kuchapa picha, ninamkabidhi bi harusi kila kitu, negativu na picha, na mimi narudi nyumbani mikono mitupu. Kwenye kadi yangu ya kazi niliandika sheria moja tu: negativu ni ya mwenye sura. Sheria hiyo ilinirudishia wateja, na wiki hii ilikaribia kuniharibia maisha.

Kamera niliinunua kwa Diriye. Ana duka jembamba la kutengeneza redio na simu karibu na soko la Suuq Mugdi, na siku hiyo nilikuwa nimepeleka simu ya mamangu. Niliiona kwenye rafu ya juu, Nikon nyeusi ya wale wapiga picha wa magazeti wa zamani, nzito, rangi imeambuka kwenye pembe hadi shaba inaonekana. Nilikuwa nimeitafuta kamera ya aina hiyo hadi Nairobi.

"Inafanya kazi?" niliuliza.

"Inafanya. Ilikuwa ya mke wangu."

"Yeye haitaki tena?"

"Alifariki. Miaka mitatu sasa."

"Allah ha u naxariisto," nikasema, Mungu amrehemu, huku nikitamani ardhi inimeze.

Hakukasirika. Aliishusha, akaipangusa vumbi kwa kiganja, polepole, kisha akanyoosha mkono nyuma ya redio akatoa mkoba wa ngozi. "Na huu ni wake. Nadhani kuna filamu ndani ambazo hakuzitumia. Kila kilichomo ni chako," alisema. Maneno hayo yashike, tutayarudia.

Diriye si mpiga picha. Lakini alikaa kando ya mkewe Amino miaka sita akimwangalia, na alichonifundisha ni mikono ya Amino. Filamu huwa na kipande chembamba kinachotokeza nje ya kopo lake, wao wawili walikiita ulimi. "Ulimi uingie mpaka kwenye alama nyekundu, usiipite," aliniambia. "Halafu bonyeza mara mbili, kitufe na mkono wa kuvuta filamu, kitufe na mkono. Alikuwa hafanyi mara tatu." Nikafanya mara mbili. Nilikuwa nikienda dukani baada ya alasiri, mlango wazi, Barwaqo muuza chai amekaa kizingitini akituchunga bila kuombwa na mtu. Wiki ya kwanza Diriye aliiangalia kamera. Wiki ya tatu hakuwa akiiangalia kamera tena, na Barwaqo alikuwa wa kwanza kuligundua hilo. Alinimiminia chai akasema, "Huyu mtu atauza duka lote, wewe utabaki kununua."

Nilimpenda. Sina sababu ya kulizungusha. Nilimpenda kwa jinsi alivyokuwa akinyamaza kabla ya kujibu, na kwa macho yake ambayo yalinitua usoni na kuondoka haraka kama mtu aliyekanyaga mkeka wa wenyewe na viatu. Mwezi wa nne alinitamkia kwamba anataka kunioa. Mamangu alikuwa radhi, mradi wazee waje Ijumaa kama inavyotakiwa.

Tatizo lilikuwa Eeddo Ramlo, yaani shangazi Ramlo, mama wa marehemu.

"Ramlo alinipa binti yake nikiwa sina kitu," Diriye aliniambia. "Amino amekufa na bado mamake ananiita hooyo. Siwezi kwenda kuoa kwingine bila yeye kuniambia nenda."

Kwetu mama humwita mtoto wake kwa cheo chake yeye mama. Mimi nina miaka ishirini na tisa na mamangu huniita hooyo, yaani mama, kila siku asubuhi. Ni neno la kumwita uliyemzaa, au uliyemweka moyoni kama uliyemzaa. Ramlo alikuwa akimwita Diriye hivyo. Mimi aliniita msichana wa kamera. Alitaka Diriye amchukue Faduma, mdogo wake Amino, ile desturi ya zamani ya kumpa mfiwa dada wa marehemu ili mkwe asipotee. Faduma mwenyewe alikuwa chuoni na hakutaka hata kusikia, lakini nani alimuuliza? Wazee walikuwa wamepangwa Ijumaa hii, na ruhusa ya Ramlo ilikuwa bado.

Kulikuwa na jambo jingine. Siku moja, akiwa amefungua redio ya mtu vipande vipande, Diriye alisema bila kuinua kichwa, "Ninasahau sura yake."

"Huna picha?"

"Aliwapiga watu wote, yeye hakupenda kupigwa. Zilikuwa chache kwenye simu yangu. Siku ya tatu ya msiba Ramlo aliniomba simu, kwa adabu tu. Nikampa. Aliporudisha, zilikuwa zimefutwa. Alisema maiti hapumziki kama sura yake inabaki kuzungushwa na walio hai." Alikaza skrubu ambayo ilikuwa tayari imekaza. "Nakumbuka sauti. Nakumbuka mikono. Nikijaribu uso, unakuja nusu."

Usiku huo sikulala, na sioni aibu kusema kwa nini. Nilijiuliza hivi: mtu anayesahau uso wa mkewe, akiniangalia mimi nikiwa na kamera ya mkewe na mikono ya mkewe, anamwangalia nani?

*

Jumatano baada ya adhuhuri tulisafisha ile filamu, mimi na Mirriam. Mirriam ni mwalimu wa kemia aliyetoka Kisii, yuko Garissa mwaka wa kumi huu, na ndiye anayenichanganyia dawa. Kusafisha filamu Garissa ni kazi ya barafu. Dawa inataka ubaridi, na maji ya bomba hapa yanatoka moto kana kwamba yamechemshwa kwa ajili ya chai. Kwa hiyo tulikuwa na mabonge ya barafu kwenye karai, blanketi dirishani, blanketi mlangoni, na Mirriam anahesabu dakika huku jasho likimdondoka puani.

"Bicha gani hizi?" alinitania. Huwa ananiigiza nikisahau p yangu, maana Kisomali hakina herufi hiyo.

"Picha za kujifunzia. Nimempiga Diriye, nimempiga Barwaqo, nimejipiga kwenye kioo. Ni filamu ya kwanza ya ule mkoba, imekaa muda bila kusafishwa."

"Za Diriye ngapi?"

"Usiulize."

Niliitoa filamu kwenye kopo la dawa, nikaining'iniza kwenye kamba bafuni, nikawasha taa. Kwenye negativu cheupe ni cheusi, inabidi uzoee. Niliona mara moja kwamba kuna kitu. Kila picha ilikuwa nzito mno, imejaa. Kichwa cha Diriye kilikuwa na kichwa kingine ubavuni. Birika la Barwaqo lilikuwa limepita katikati ya ngamia. Nikashuka na kidole mpaka ya kumi na tisa, ya kioo, nikamwona.

"Mirriam. Njoo uone."

Aliangalia kwa muda. "Huyu mwingine ni nani?"

"Sijui."

"Ulikuwa na mtu?"

"Nilikuwa peke yangu. Mama alikuwa sokoni."

Mirriam ni mtu wa kemia, haamini haraka. Lakini nilimwona akigusa msalaba wake mdogo shingoni. "Tuchape," alisema. "Tusiogope kitu ambacho hatujakiona vizuri."

Joto letu lina faida moja, filamu hukauka upesi. Tulizima taa tukawasha ile nyekundu, tukachapa picha ya kumi na tisa, nikaitumbukiza karatasi kwenye trei ya dawa. Karatasi ilikaa nyeupe. Halafu sura ikaanza kuja, na haikuwa yangu. Yeye alitangulia. Jicho moja, nyusi, shavu, kamera ile ile ameishika chini ya kidevu, naye amejipiga kwenye kioo. Mimi nilifuata baadaye, taratibu, nimesimama mbele ya kioo changu na shela yangu nyeusi, na uso wake ulikuwa umekaa kwenye ule weusi wa shela, begani, kana kwamba ameinamisha kichwa akaniegemea.

Mirriam alivuta pumzi. "Mungu wangu. Huyu ni Amino."

"Una uhakika?"

"Alikuja shuleni kuwapiga picha wasichana wa kidato cha nne, kila mwaka. Ni yeye. Alikuwa na hilo kovu kwenye nyusi."

Nilikaa juu ya ndoo. Nilikuwa naogopa na nilikuwa nimekwisha kuelewa, vyote kwa pamoja. Nilikumbuka filamu tano za mkoba. Nne zilikuwa na ulimi ulionyooka. Ya tano, ambayo niliichukua kwanza kwa kuwa ilikuwa juu, ilikuwa na ncha iliyokunjwa kama ukurasa wa kitabu. Nilidhani ni uzee. Niliinyoosha kwa ukucha, nikaitia kwenye kamera.

"Haikuwa mpya," nilimwambia Mirriam. "Alikuwa ameipiga yote. Mimi nimepiga juu yake."

"Na mbona zimelingana hivi? Picha juu ya picha, hazikupishana hata kidogo."

"Kwa sababu nilitia filamu kama yeye. Mpaka alama nyekundu. Mara mbili, si mara tatu."

Mirriam alinitazama kwenye ile taa nyekundu. "Diriye anajua kwamba kuna picha ya Amino?"

"Hajui. Hana hata moja ya mkewe, Mirriam. Hii ndiyo pekee iliyobaki duniani, na mimi nimeiharibu."

"Au umeiosha," alisema. "Bila wewe ingekaa kwenye mkoba mpaka joto liimalize."

Nilimshukuru kwa hilo, ingawa halikunisaidia.

*

Alhamisi nilimkuta Diriye amevaa miwani yake ya fundi, ameinamia simu. Barwaqo alikuwa kizingitini. Aliuona uso wangu, akaanza kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimekwisha kupangwa.

"Umekuja mapema," Diriye alisema, na furaha ilikuwa sautini. Niliitamani ibaki hapo.

"Zile filamu tano. Moja ilikuwa imekunjwa ulimi."

Mikono yake ilisimama. "Imekunjwa vipi?"

"Ncha tu. Niliinyoosha nikaitumia."

Alivua miwani. "Ilwad, Amino alikuwa akikunja ulimi wa filamu aliyoimaliza. Ili asije akaitia tena kwa kusahau."

"Sasa najua."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningeuliza nini? Ulinifundisha kila kitu isipokuwa hicho. Ulisema kila kilichomo ni changu."

"Nilisema hivyo kwa sababu sikuweza kuufungua ule mkoba." Alisema kwa sauti ya chini sana. "Miaka mitatu umekaa nyuma ya redio, sikuufungua hata siku moja. Ningeufungua ningeona ule ulimi, ningejua. Kuna nini humo?"

Nilimpa bahasha. Mbele niliweka zake yeye, zile za Diriye wawili, lakini alizipitisha haraka, alikuwa akitafuta. Alipofika kwenye picha ya kumi na tisa alikaa chini.

Nilimtazama akitazama. Sijui kama nilipaswa kutoka nje nimwachie. Alitaja jina la Amino, si kwa kuniambia mimi. Halafu aliisogeza picha kwenye taa yake ya kutengenezea simu, akaishika vizuri, na ili aone uso wa Amino bila kusumbuliwa akaweka kidole gumba juu ya uso wangu.

Hakujua amefanya nini. Huo ndio uliokuwa ubaya wake.

"Umenifunika," nilisema.

Aliangalia kidole chake. Akakiondoa kama aliyeungua. "Ilwad, sikukusudia."

"Najua hukukusudia. Ndiyo maana inauma. Siku nyingi nimekuwa nikijiuliza ukinitazama unamtazama nani, na leo umenijibu kwa kidole."

"Nilikuwa nimemsahau. Miaka mitatu. Nipe dakika moja ya kumwona mke wangu."

"Nakupa. Chukua hata siku nzima. Lakini kesho wazee wanakuja kwetu, na mimi nataka kujua wanakuja kumposa nani."

Barwaqo aliangusha kikombe. Hatukumgeukia. Diriye alikaa kimya, ule unyamavu wake wa kabla ya kujibu, na safari hii niliuchukia. Kisha alizichukua zile picha alizozipitisha, akachagua moja, akaiweka kaunta mbele yangu. Diriye wawili, kiti kile kile, shati tofauti.

"Huyu," alisema, akagusa wa kwanza, "anamwangalia Amino. Unaona alivyokunja uso? Anamwambia chakula kinapoa, weka kamera chini. Alikuwa amemzoea. Hakujua kwamba siku moja atakosa wa kumgombeza." Akahamisha kidole. "Huyu mwingine anakuangalia wewe. Mwangalie vizuri."

Nilimwangalia. Alikuwa amekaa wima, mikono magotini, macho yamefunguka mno.

"Anaonekana anaogopa," nilisema.

"Anaogopa."

"Anaogopa nini?"

"Kwamba utaimaliza filamu na hutakuwa tena na sababu ya kuja dukani." Aliisukuma picha karibu nami. "Sikumwogopa Amino hata siku moja, Ilwad. Tulikua pamoja Bura, nyumba kwa nyumba. Wewe nakuogopa. Hayo mawili hayawezi kuwa mapenzi kwa mtu mmoja."

Kama ningekuwa na akili ningemkumbatia kwa maneno palepale, tukamaliza. Lakini niliona mkono wake ukirudi kwenye picha ya kumi na tisa na negativu yake, ukizivuta upande wake wa kaunta, na nilijua lililobaki.

"Hiyo siwezi kukuachia," nilisema.

"Nini?"

"Negativu ni ya mwenye sura. Ndiyo sheria yangu. Kama hayupo, ni ya mamake."

"Ramlo?" Alisimama. "Ataichoma. Unajua ataichoma."

"Inawezekana."

"Ilwad, nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu. Ni picha moja. Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua. Wanawake wa mji huu wananikabidhi nyuso zao kwa sababu sijawahi kubaki na picha ambayo si yangu. Amino naye ni mwanamke wa mji huu. Niibe sura yake ili mume wake anipende?"

"Na wewe umo ndani. Akiichoma, anakuchoma na wewe."

"Basi tutachomwa pamoja."

Alinitazama kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake. Na alikuwa na haki nayo. Nilizirudisha kwenye bahasha, picha na negativu, nikampita Barwaqo na vigae vyake. Nilikuwa nimefika kwenye kona ya wauza magunia niliposikia akiniita. Alikuwa amesimama mlangoni, hakunifuata.

"Lile kovu," alisema. "Kwenye nyusi. Nilikuwa nimelisahau kabisa."

Nilingoja aseme niirudishe. Hakusema.

"Nenda," alisema. "Nimemwona."

*

Eeddo Ramlo alikuwa amekaa barazani kwake, mtaa wa Bulla Iftin, dabqaad mbele yake, kile chetezo cha udongo chenye makaa, akifukiza uunsi, ule uvumba wetu, kwenye shela zake. Moshi wake mtamu ulinifika kabla sijafungua lango. Nilimsalimu kwa adabu zote. Aliitikia, akanipima juu mpaka chini.

"Msichana wa kamera. Umekuja kuniomba mkwe wangu."

"Sikuja kuomba, eeddo. Nimekuja kurudisha."

Nilipiga magoti, nikaweka bahasha kwenye mkeka. Nilimweleza yote, ulimi uliokunjwa, kosa langu, nikamwambia kwamba iliyomo ni yake, picha na negativu, na kwamba sikubaki na nakala. Alinisikiliza huku akiweka uunsi kwenye makaa chembe kwa chembe.

"Nani ameiona?"

"Mwalimu Mirriam, tulipoisafisha. Na Diriye."

"Diriye alitaka ibaki kwake."

"Ndiyo."

"Ukamnyima." Aliongeza chembe nyingine. "Kesho wazee wake wanakuja kwenu, nawe leo umemnyima?"

"Haikuwa yangu kumpa, eeddo."

Aliifungua bahasha. Nilitazama makaa, sikutaka kuuona uso wake. Nilisikia kuku nyuma ya nyumba, na redio ya jirani.

"Kovu hili," alisema mwishowe, "alilipata Tarbaj, kisimani, kabla hatujahamia Bura. Alikuwa na miaka sita. Ngamia alimsukuma akagonga jiwe. Nilimbeba mgongoni mpaka kwenye gari, damu yote imeniingia nguoni, naye ananiambia, hooyo, usilie, simama vizuri nitaanguka."

Aligusa lile kovu kwenye picha kwa ukucha.

"Wanasema zile picha za simu nilizifuta kwa ajili ya dini," aliendelea. "Nami niliwaacha waseme. Nilizifuta kwa sababu siku ya tatu nilimwona Diriye ameishika ile simu, anaisemesha. Nikaona hata mimi nitakuwa hivyo. Nitakaa na simu mpaka nife." Aliinyanyua negativu kwa ncha za vidole. Ilikuwa imejikunja kidogo kwa joto. Alipeleka mkono juu ya dabqaad, akauacha hapo, na moshi ukapita katikati ya vidole vyake.

Sikumzuia. Nilitaka, Mungu anajua, lakini sikumzuia.

"Huyu hawezi kutolewa peke yake?" aliuliza. "Wewe ubaki, yeye atoke?"

"Hapana, eeddo. Ni filamu moja. Mwanga wake na mwanga wangu umeingia mahali pamoja."

"Nikimchoma yeye nimekuchoma wewe."

"Ndiyo."

"Na huogopi?"

"Naogopa sana."

Mkono wake ulikaa juu ya makaa muda mwingine. Kisha aliushusha magotini. Alichukua ile picha tena, akaiinua usawa wa uso wangu, akawa anatazama picha, ananitazama mimi, anarudi kwenye picha, kwa macho ya mama anayekagua watoto wawili waliorudi kutoka shuleni.

"Amekuegemea," alisema. "Umeona? Alikuwa hivyo. Akichoka alikuwa anamwegemea mtu yeyote aliye karibu, hata mgeni."

Alifungua kisanduku chake cha uunsi, akaweka negativu chini kabisa, akafunika. Picha akabaki nayo.

"Mwambie Diriye aende na wazee wake kesho. Na mimi nitakuja, upande wa wanawake. Sitaki kusikia kwamba nimesahauliwa." Alipangusa jicho kwa ncha ya shela. "Faduma atafurahi, yule mkaidi. Amekuwa akilia kwenye simu mwezi mzima."

Nilianza kuinuka niende. Miguu ilikuwa imekufa ganzi kwa kupiga magoti. Eeddo Ramlo alisogea kwenye mkeka, akapapasa nafasi iliyobaki pembeni yake. Macho yake yalikuwa bado kwenye picha.

"Unakwenda wapi na jua hili?" alisema. "Keti, hooyo."

Sikujua anamwambia nani kati yetu wawili. Niliketi.